Lori la Sajini na Rangi ya Maji

Skuta, Nyeri
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. Naanza na kifua chako, mengine yatafuata. Unalalaje siku hizi? Mama aliniambia usiku unakaa umeegemea mito, na baridi ya alfajiri ikiingia unakohoa hadi Bi Zuhura wa mlango wa pili anagonga ukuta kuuliza kama kuna usalama. Dawa ya kuvuta unaitumia kama ulivyoelekezwa, au bado unaibania kama sukari ya mgeni? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila vidole vimepasuka kwa baridi ya huku na mafuta ya nazi uliyonipa yamekwisha. Kwenye simu tunaongea, lakini ukishaanza kukohoa mimi nasahau nililotaka kusema, nawe unakata. Ndiyo maana nimeandika. Soma polepole, na ukichoka mpe Mama akumalizie.

Nina habari ya kazi moja iliyonishika tangu baridi ilipoanza. Najua utacheka: nimepiga rangi lori zima la jeshi kwa rangi ya maji. Ndiyo Baba, ile unayoiita rangi ya ukuta. Usiitupe barua kwanza.

Aliyenipa kazi ni mama mmoja wa Tetu, huko mashambani nje ya mji, kwenye chai na kahawa na ng'ombe wa maziwa. Jina lake ni Wangechi lakini watu wote humwita Sajini, maana alikuwa dereva jeshini hadi alipostaafu. Ni mwembamba, mgongo umenyooka, na akikuuliza swali unajikuta umesimama wima. Alinunua lori kuukuu la jeshi kwenye mnada, akapatana na wenzake wa ushirika wa maziwa kwamba litabeba maziwa kutoka kwenye miteremko ambako gari dogo hukwama matope yakianza. Lakini raia hawezi kuendesha gari lenye rangi ya jeshi. Lazima libadilishwe kwanza, ndipo likakaguliwe. Akaja garajini kwetu kuulizia fundi wa rangi, tajiri wangu akanitaja mimi.

Nililikuta limeegeshwa ndani ya banda la mabati, injini imetolewa, haliwezi kwenda popote. Pembeni ya banda, ukuta kwa ukuta, kuna chumba cha kupokelea maziwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshusha mkebe wangu wa thina, karani wa maziwa akatoka mbio na koti lake jeupe.

"Hiyo ni nini?"

"Thina. Ya kuyeyushia rangi."

"Rudisha hiyo kitu kwa gari! Maziwa inashika harufu kuliko nguo. Kuna mtu aliweka mafuta taa hapo nyuma ya mlango, tukarudishiwa maziwa yote. Ng'ombe ya watu ilikamuliwa bure."

Huyo ni Kariuki. Ni mtu mzuri, lakini kwa maziwa yake hana mchezo. Nikamwuliza, sasa nitapiga na nini?

"Mimi sijui. Wewe ndio fundi. Ati hakuna rangi ya maji?"

Alisema kwa dhihaka, na Sajini akacheka, lakini mimi lile neno lilinikaa. Nilikuwa nimesikia kwamba siku hizi kuna rangi ya maji ya magari makubwa, ya chuma hasa. Nikaulizia Nairobi kwa simu, ikaja kwa basi. Nilipofungua mkebe wa kwanza nilinusa kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani. Baba, hainuki! Ina harufu kidogo, kama gundi ya shuleni, basi. Maski nilivaa vilevile, kwa sababu muuzaji aliniambia rangi kuwa ya maji haina maana unaweza kuivuta kifuani, ule ukungu wa rangi bado ni ukungu wa rangi. Sajini akaniona nimeshika bunduki ya kupulizia akasema, "Hiyo ndiyo silaha yako? Mimi yangu ilikuwa nzito kidogo."

Kabla ya kupiga kulikuwa na kusugua. Hapo ndipo nilipoanza kufurahi, maana nawe unajua mimi napenda kujua aliyenitangulia alifanya nini. Nilianza na msasa wa maji kwenye kibanda cha dereva. Kijani ikaondoka, chini yake ikaja rangi ya mchanga wa jangwani. Chini ya mchanga, nyeupe. Chini ya nyeupe, kijani nyingine ya zamani, imekolea zaidi, halafu praima nyekundu ya msingi imeng'ang'ania chuma kama ndiyo imeolewa nacho. Kila rangi ina mkono wake. Aliyepiga ya mchanga alikuwa mvivu, alipaka juu ya tope. Nimekuta tope kavu limelala katikati ya rangi mbili kama nyama ndani ya sambusa. Aliyepiga kijani ya kwanza alikuwa fundi kama wewe, sawasawa kila mahali, hata chini ya bawaba ambako hakuna mtu atakayechungulia. Nilimsifu kwa sauti, Kariuki akachungulia kuona naongea na nani.

Lakini ile nyeupe ilinishangaza. Haikupulizwa. Ina mistari mikubwa, imekwaruzwa huku na huku, nene hapa, nyembamba pale, kama aliyeipaka alikuwa anafukuzwa. Nani anapaka lori la jeshi rangi nyeupe, tena kwa haraka namna hiyo?

Nikagundua kwamba si mimi peke yangu niliyekuwa na hamu na ile nyeupe. Kila asubuhi Sajini alileta maziwa yake, kisha anakuja bandani na chupa ya chai, anageuza debe na kukaa. Hakuangalia kibanda cha dereva wala magurudumu. Macho yake yalikuwa kwenye ule mlango wa nyuma unaofunguka kwenda chini, ambao niliufungua bawaba na kuulaza juu ya magogo.

"Umefika nyeupe?" ananiuliza.

"Kwa mlango huo bado."

"Enda nayo pole pole. Usikwaruze sana upande wa ndani."

Siku ya kwanza niliendelea kusugua. Siku zilizofuata alirudia maneno yaleyale. Mwishowe nikaweka msasa chini.

"Sajini, nikuulize? Huo mlango una nini?"

Alimimina chai, akanipa, akajimiminia yeye. Akaweka chupa chini.

"Tulikuwa nchi ya watu," akasema. "Tulitumwa kulinda amani. Tulifika na marori ya kijani. Ikasemwa hakuna gari inatoka hapa ikiwa kijani, watu wataona ni vita imekuja. Rangi nyeupe ikaletwa kwa mapipa, lakini brashi hakuna. Tukachukua mafagio. Siku moja, marori yote. Mimi nilipaka mpaka nywele ikawa nyeupe kabla ya wakati yake."

Hapo alitabasamu kidogo.

"Dereva mwenzangu alikuwa Koplo Nzioka. Mkamba, mtu wa kucheka sana. Hiyo asubuhi alikuwa amepata habari ati mke wake amezaa msichana. Basi akachukua msumari, akaandika jina ya mtoto kwa rangi mbichi, ndani ya mlango ya nyuma. Mwende. Akasema, hii gari sasa ni ya mtoto yangu, mtu asiigonge."

"Na yeye Koplo yuko wapi siku hizi?"

"Hakurudi." Alizungusha kikombe mkononi. "Siku moja alipanda gari ingine. Barabara ilikuwa imetegwa."

Nikamwambia pole. Akaendelea kana kwamba anatoa ripoti. Waliporudi nyumbani malori yakagawanywa, hili huku, lile kule, na hakujua la kwao liliishia wapi. Miaka ikapita, akastaafu. Alipokwenda kwenye mnada alikuwa anatafuta pikapu tu. Akaliona hili, kijani imebambuka kidogo kwenye mlango, nyeupe inachungulia.

"Huyo Mwende anajua?" nikamwuliza.

"Ajue nini?"

"Kwamba jina lake liliandikwa."

"Nitamwambia aje na sina kitu ya kumwonyesha? Nimpigie simu nimwambie ati baba yako aliandika jina yako mahali, sijui wapi? Namba ya mama yake niko nayo miaka yote. Sijawahi piga."

Baba, kuanzia hapo sikulala vizuri. Si kwa huzuni, kwa hamu. Nilisugua ule mlango kama mtu anayefungua jeraha la mtoto. Msasa laini kabisa, maji kidogo, kitambaa, halafu namulika kwa tochi kutoka ubavuni ili mkwaruzo wowote utoe kivuli. Kijani ikaisha. Mchanga ukaisha. Nyeupe ikaanza kutokea kwenye kona, mistari ya fagio ikiwa wazi kabisa. Kariuki aliacha mizani yake akaja kusimama nyuma yetu, na wakulima waliokuwa na mitungi wakasimama nyuma yake. Sajini alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Nilipomulika upande wa kulia tukaona mstari umechimbwa, nikasikia anavuta pumzi. Nikapangusa. Ulikuwa mkwaruzo wa mnyororo tu. Tukaenda hadi mwisho, kona hadi kona, tukarudi tena. Hakuna herufi hata moja.

Tulichopata ni unyasi wa fagio, mdogo kama kijiti cha meno, umenaswa ndani ya rangi nyeupe tangu siku hiyo. Sajini aliung'oa kwa ukucha, akautazama kwenye kiganja.

"Ni sisi tulipaka," akasema. "Lakini si hii gari. Ni ingine."

Akainuka, akapangusa magoti, akaniambia, "Basi. Paka." Akaenda zake. Maziwa yake akawa anatuma kwa jirani.

Nilipiga rangi bila yeye. Hapo ndipo ungenicheka, Baba. Huu ni msimu wa baridi, wenyewe wanauita gathano. Jua halitoki, ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa kwenye majani ya chai kutwa nzima. Nilipiga mkono wa kwanza mchana, buluu aliyoichagua Sajini mwenyewe, maana aliniambia rangi yoyote isipokuwa nyeupe. Ikakaa vizuri. Nikafunga banda nikaenda zangu Skuta nimejipongeza. Asubuhi nilikuta buluu imeshuka ubavuni kama machozi, dimbwi chini ya magurudumu. Ukungu ulikuwa umeingia kwenye mianya ya mabati, rangi haikukauka, ikateremka. Na mahali nilipokuwa nimesugua hadi chuma, kutu imeshachipuka kwa usiku mmoja, vidoa vya rangi ya chai. Kariuki akaniambia, "Sasa hata rori imeanza kutoa maziwa." Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikakaa juu ya debe la Sajini nikajiuliza, Baba angefanyaje?

Ungengoja jua. Lakini hapa jua halina ahadi na mtu. Ndipo nikawaza: kwa thina huwezi kusogeza karibu hata njiti ya kiberiti. Hii ni maji. Maji yanaogopa nini moto? Nikapangusa uharibifu wote, nikasugua kutu, nikapiga praima upya pale kwenye chuma. Kariuki akaazima majiko ya makaa kwa majirani, tukayapanga kando ya lori, milango ya banda tukaiacha wazi ili moshi wa makaa usituue, na feni ya chumba cha maziwa ikapuliza hewa moto kupita ubavuni mwa lori. Mkebe wa rangi niliuweka ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu kama ninayepasha uji. Nikapiga nyembamba, nyembamba sana, nikangoja, nikapiga tena. Ikishatoka kwenye bunduki inaonekana imepauka kama tui, unadhani umekosea, halafu maji yakiondoka rangi yenyewe inakuja juu taratibu mbele ya macho yako. Nimeitazama zaidi ya inavyofaa mtu mzima kutazama rangi ikikauka. Safari hii ilishika. Nilikwaruza kwa ukucha, haikutoka. Nikamwagia ndoo ya maji, yakateleza.

Ule mlango wa nyuma sikuugusa. Ulibaki juu ya magogo na weupe wake. Sikujua niufanye nini bila mwenyewe.

Sajini alirudi siku lori lilipokuwa karibu kwisha. Akalizunguka, akaangalia chini ya bawaba, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nikajipa moyo.

"Sajini, nikisema vibaya unisamehe. Wewe uliona akiandika?"

"Niliona. Giza ilikuwa imeingia, nilimshikia tochi."

"Basi huyo Mwende anataka lori la nini? Mwenye kuliona jina likiandikwa ni wewe."

Alinitazama, nikaona nimevuka mpaka. Akatoa simu, akatoka nje. Nilimwona amesimama ukingoni mwa chai, mgongo umenyooka, mkono mmoja umebana pajani. Sikusikia maneno, ila mara moja alisema kwa sauti, "Hapana mama, hakuna shida, ni habari tu." Aliongea muda mrefu. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na akaniuliza kama chai imebaki.

Siku chache baadaye Mwende akaja. Ni mwanamke mkubwa tu, fundi cherehani wa Machakos, amevaa sweta alilolifuma mwenyewe, na alipoteremka aliangalia huku na huku kama mtu aliyefika mtihani mapema. Walisalimiana na Sajini kwa mikono miwili, wakabaki kuulizana habari za barabara. Kariuki akaleta maziwa moto kuwaokoa.

Mwende akauendea mlango. Akapitisha vidole kwenye mistari ya fagio.

"Ni hapa?"

"Si hapa," Sajini akamjibu. "Ni kwa ingine kama hii. Sikupata ile."

Nilidhani atavunjika moyo. Badala yake akauliza, "Aliandika kwa herufi kubwa ama ndogo?"

Baba, katika yote niliyomuuliza Sajini, hilo sikuliwaza. Naye Sajini alifumba macho kidogo, akalitafuta.

"Kubwa. Ilianza kubwa sana. Alipofika mwisho nafasi ikaisha, ile E ya mwisho akaipandisha juu ya herufi ingine. Tulimcheka."

Mwende akacheka, kisha akafunika mdomo kwa kiganja, na kicheko kikageuka ndani ya mkono. "Mama husema hakuwa mtu wa kupima kabla ya kuanza," akasema. Halafu akaanza kuuliza. Alikuwa anaimba? Alivuta sigara? Alikuwa anaongea kwa usingizi, kwa sababu yeye Mwende huongea? Sajini alijibu moja moja, na alichokuwa hajui alisema hajui. Wakulima walileta maziwa ya jioni wakaondoka, hao bado wanaongea.

Mimi nilikuwa nimebakiza mlango tu. Nikawaambia naweza kuuacha upande wa ndani vile ulivyo, mweupe na mistari yake ya fagio. Sajini akamtazama Mwende.

"Hapana," Mwende akasema. "Hii ni gari ya kubeba maziwa. Ipakwe." Kisha akanigeukia. "Lakini naweza kupaka mimi?"

Nikampa maski yangu ya pili, nikamfunga kamba kisogoni, nikamwekea bunduki mkononi na kumwonyesha umbali, na namna ya kupitisha mkono bila kusimama. Mkono ulisimama, bila shaka. Wa kila anayeanza husimama. Pale uliposimama rangi ilijaa ikashuka, matone mawili matatu marefu, karibu na ukingo wa kulia. Akaniuliza kwa macho kama ameharibu. Nikamwambia endelea.

Injini na mlango vikarudishwa, lori likakaguliwa, likapita. Asubuhi hii nimeliona likipanda mlima kwenye manyunyu limejaa mitungi, Sajini kwenye usukani, na rangi haijababuka hata mahali pamoja. Nilirudi chumbani kwangu, nikavua nguo za kazi, nikazinusa. Hazikunuka kitu. Nilikumbuka Mama alivyokuwa akianika nguo zako kwenye kamba ya mbali, si pamoja na zetu, nasi tukijua kwa harufu ya thina kwamba umeingia nyumbani kabla hujapiga hodi. Baba, Mama ameniambia bado unakwenda kwa kaka Athumani garajini "kuangalia tu", na kwamba ukifika hapo unamnyang'anya bunduki. Sikulaumu, najua mkono unawasha. Nakuomba tu umruhusu Athumani ajaribu rangi hii kwenye kitu kidogo, hata geti, nawe umsimamie ukiwa upande wa upepo. Mombasa hamtahitaji majiko.

Nisalimie Mama, mwambie leso aliyonipa ndiyo ninayojifunga kichwani nikipiga rangi na imepata doa la buluu, anisamehe. Nisalimie kaka Athumani na mkewe, na shangazi yangu Mwanaisha aliyenifundisha kusuka, kisha akakata tamaa. Mfikishie salamu Bi Zuhura wa mlango wa pili, na umshukuru kwa kugonga ukuta.

Nina swali moja, na ndilo lililonikalisha chini kuandika. Yale matone ya Mwende sikuyasugua. Yamekaukia pale, na lori limeondoka nayo. Wewe ulinifundisha kwamba tone ni aibu ya fundi, na hujawahi kuacha hata moja maishani mwako. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja: ungeyasugua?

Ni mimi mwanao akupendaye, ninayekuombea pumzi ndefu,

Mwanasha